Hanuka si "Krismasi ya Wayahudi"

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Darsa ya leo ni ndefu, na inaanza na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo naomba subira yenu.

Mwaka jana mwezi wa Desemba, binti mmoja aliyesoma madrasa kwetu, ambaye sasa yuko London anafanya kazi ya kutunza wazee, alinitumia ujumbe wa sauti usiku. Anamhudumia bibi wa Kiyahudi aliyepita miaka tisini. Bibi yule ana kinara cha mishumaa dirishani, na mikono inamtetemeka. Akamwomba: mwanangu, niwashie. Binti akawasha. Baadaye akaingiwa na hofu, akaniuliza, "Maalim, nimefanya shirki?"

Nilikuwa nimechoka, nimetoka mazikoni. Nikamjibu haraka haraka: hiyo ni Krismasi ya Wayahudi, jiepushe nayo, leta istighfari. Nikalala. Baada ya Alfajiri nikajiuliza, wewe, hiyo Hanuka unaijua? Sikuijua. Nimetoa hukumu juu ya jambo nisilolijua, na mimi ndiye ninayewasomesha watu Suratul Israa aya ya 36, inayotukataza kufuata tusilo na elimu nalo. Nikampigia yule binti, nikamwambia jibu la jana liweke kando, nipe siku chache.

Nikaenda kwa padri mmoja tunayejuana tangu sekondari, nikaazima Biblia yake. Kwa nini ya padri? Kwa sababu habari za Hanuka zimo katika vitabu viwili vya Wamakabayo, na vitabu hivyo viko katika Biblia ya Wakatoliki, lakini katika ya Waprotestanti havimo. Na ajabu zaidi, katika maandiko matakatifu ya Wayahudi wenyewe havimo. Sikukuu ni yao, kitabu kinachoihadithia kimehifadhiwa na Wakristo kwa lugha ya Kigiriki! Kwa hiyo kabla ya yote mjue kwamba Hanuka haimo katika Taurati. Ilikuja baada ya Nabii Musa (a.s.) kwa karne nyingi, na kwao ni sikukuu ndogo, watu huenda kazini kama kawaida. Imekuwa kubwa Marekani na Ulaya kwa sababu inaangukia jirani na Krismasi. Hapo ndipo na mimi nilipokosea.

Sasa kisa chenyewe.

Alexander wa Makedonia, ambaye Waarabu humwita Iskandar, alikufa mwaka 323 kabla ya Nabii Isa (a.s.). Majemadari wake wakagawana dunia kama warithi wasio na kadhi. Misri ikashikwa na ukoo wa Ptolemy, Sham na Iraq zikashikwa na ukoo wa Seleucus. Baytul Maqdis iko katikati, njiani. Kwa miaka mia hivi ilikuwa chini ya Misri, kisha kwenye mwaka 200 ikaangukia mikononi mwa wafalme wa Sham.

Msidhani Wagiriki walikuja na upanga tu. Walikuja na lugha, shule, michezo na mavazi, na vijana wengi wa Kiyahudi walivutiwa. Mtu mmoja wa ukoo wa makuhani, aliyekuwa akiitwa Jason kwa jina la Kigiriki, alimpa mfalme fedha ili amwondoe kaka yake kwenye ukuhani mkuu amweke yeye. Akajenga mjini kiwanja cha mazoezi cha Kigiriki. Huko watu hufanya mazoezi uchi, na baadhi ya vijana wakaona haya kwa tohara yao, wakatafuta namna ya kuificha. Haikupita miaka mingi akatokea mwingine, Menelaus, akapanda dau kwa talanta 300 za fedha juu ya Jason, akapewa yeye cheo. Cheo cha Nabii Harun (a.s.) kimepigwa mnada! Likumbukeni hili, kwa sababu wengi husimulia Hanuka kana kwamba ni vita vya Wagiriki na Wayahudi basi. Vitabu vya kale vinasema moto ulianzia ndani ya nyumba.

Mfalme wa Sham wakati huo ni Antiochus wa nne, aliyetawala kuanzia mwaka 175. Alijipa lakabu ya Epiphanes, maana yake mungu aliyedhihiri. Watu walimcheza shere wakageuza herufi, wakamwita Epimanes, yaani mwendawazimu. Mwaka 168 alikuwa Misri anakaribia kuiteka, akaja mjumbe wa Roma mkononi ana fimbo. Mjumbe akachora duara mchangani kumzunguka mfalme, akamwambia hutoki humu mpaka unijibu, unaondoka Misri au huondoki. Akaondoka. Mfalme anayejiita mungu amefedheheshwa na fimbo moja. Hasira yake ikashukia Yerusalemu, ambako tayari alikuwa amekwisha pora vyombo vya dhahabu vya Hekalu.

Mwaka 167 zikatoka amri. Sabato marufuku. Tohara marufuku. Vitabu vya Taurati vikipatikana vinachanwa na kuchomwa. Kina mama waliowatahiri watoto wao waliuawa, na watoto wao wachanga wakatundikwa shingoni mwao. Hekalu likapewa jina la Zeus, mungu wa Wagiriki, na juu ya madhabahu ya Allah wakajenga madhabahu ya sanamu. Tarehe 25 ya mwezi wao wa Kislev wakachinja hapo kafara ya kwanza. Watu wakalazimishwa kula nguruwe.

Hapa kuna mzee ambaye sijamsahau tangu nimsome. Anaitwa Eleazari, mwalimu wa sheria, umri miaka 90. Walimfungua kinywa kwa nguvu wamtie nyama ya nguruwe, akaitema. Wale maofisa walikuwa wanamfahamu zamani, wakamvuta pembeni. Wakamwambia: mzee, leta nyama yako mwenyewe ya halali, ule mbele za watu kana kwamba ni ile ya mfalme, tukuokoe. Akakataa. Sababu yake ndiyo iliyonishika. Alisema vijana watadhani Eleazari ameacha dini yake akiwa na miaka tisini, nao wapotee kwa ajili yake, na yeye apate nini, siku mbili tatu za kuishi? Akapigwa mpaka akafa.

Sisi tuna mlango hapo. Ammar bin Yasir (r.a.) alipoteswa Makka mpaka ulimi ukatamka neno la ukafiri, ikateremka aya ya 106 ya Suratun Nahl, kwamba aliyelazimishwa na moyo wake umetulia katika imani hana lawama. Hiyo ni rukhsa, na ni rehema. Lakini mama yake Ammar, Sumayya (r.a.), hakuitumia, akachomwa mkuki akafa, shahidi wa mwanzo katika Uislamu. Niliposoma kwa Eleazari nilimkumbuka Sumayya. Na nikajiuliza ni vijana wangapi wananitazama mimi ninavyokula.

Turudi. Katika kijiji cha Modein alikuwapo kuhani mzee, Matathia, na watoto wake watano. Ofisa wa mfalme akaja na madhabahu, akamwahidi mzee fedha na urafiki wa mfalme akiwa wa kwanza kutoa kafara kwa sanamu. Akakataa. Myahudi mwingine akajitokeza atoe yeye. Matathia akamuua pale pale, na ofisa naye, wakakimbilia milimani. Angalieni, damu ya kwanza katika kisa hiki ni ya Myahudi kwa mkono wa Myahudi.

Kundi jingine la wacha Mungu lilijificha mapangoni. Askari wakawajia siku ya Sabato. Hawakurusha hata jiwe moja kwa kuiheshimu siku, wakafa kama watu elfu, waume, wake na watoto. Matathia na wenzake walipopata habari wakakaa shauri, wakasema tukifanya wote hivi tutamalizika, basi atakayetushambulia siku ya Sabato tutapigana naye. Anayejua aya ya 102 ya Suratun Nisaa, jinsi swala inavyoswaliwa adui akiwa mbele, ataona uzito wa mas'ala yale.

Matathia alikufa mapema, uongozi ukashikwa na mwanawe Yuda, aliyeitwa Makabayo. Wengi husema maana yake ni nyundo. Alipigana vita vya milimani na jeshi dogo dhidi ya jeshi lenye tembo na wapanda farasi, akashinda Beth Horon, akashinda Emmaus, akashinda Beth Zur. Mwezi wa Desemba mwaka 164 wakapanda mpaka Hekaluni. Wakakuta malango yamechomwa, na uani magugu yameota kama msituni. Wakararua nguo zao wakalia.

Kisha wakaanza kusafisha. Wakafika kwenye madhabahu. Ni ya Allah, lakini imenajisiwa kwa kafara za sanamu. Waitumie? Waivunje? Wakaamua kuivunja, ila mawe yake hawakuyatupa. Waliyaweka mahali pa heshima mpaka atakapokuja nabii awaambie la kufanya.

Ndugu zangu, hapo nilifunga kitabu nikakaa. Watu wana ushindi, wana silaha, wana jina, hakuna wa kuwapinga. Na bado wanasema jambo hili hatuna elimu nalo, tuliache mpaka aje nabii. Na katika Suratul Baqara aya ya 89 tunasoma kuwa Mayahudi wa Madina walikuwa wakimtarajia nabii kabla hajaja.

Wakajenga madhabahu mpya kwa mawe yasiyochongwa, na tarehe ile ile ya 25 Kislev, miaka mitatu tangu ilipochinjwa ile kafara ya sanamu, wakaizindua. Neno Hanuka maana yake ndiyo hiyo, kuweka wakfu, kuzindua. Herufi zake za asili ni haa, nun na kaf, zile zile za neno letu tahnik. Sijengi hoja hapo, nawaonesha tu ujamaa wa lugha. Wakasherehekea siku nane.

Kwa nini nane? Muulize Myahudi yeyote leo, atakwambia habari ya mafuta. Kwamba walipotaka kuwasha taa ya Hekalu walikuta chupa moja tu ya mafuta ya zeituni yenye muhuri wa kuhani mkuu, ya kutosha siku moja, ikawaka siku nane. Kisa kizuri. Lakini nilipekua vitabu vyote viwili vya Wamakabayo, sikukiona. Taa zimetajwa kuwashwa, muujiza wa mafuta haupo. Kitabu cha pili kinatoa sababu nyingine kabisa. Sikukuu yao ya vibanda, ambayo ni siku nane, iliwapita wakiwa mapangoni kama wanyama wa mwitu, kwa hiyo walipopata Hekalu wakasherehekea kwa mfano wake. Mwanahistoria wao Josephus, aliyeandika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa (a.s.), anaiita sikukuu ya Mianga, na anasema anadhani ni kwa sababu uhuru uliwazukia bila kutarajia. Naye hataji mafuta. Injili ya Yohana sura ya 10 inamtaja Nabii Isa (a.s.) Hekaluni siku za sikukuu hiyo, wakati wa baridi. Mafuta hayamo.

Yamo katika Talmud ya Babeli, iliyokusanywa Iraq na kukamilika zaidi ya miaka 600 baada ya tukio. Sisi tuliosomeshwa kuuliza hadithi imetoka kwa nani, ameipokea kwa nani, tunajua maana ya pengo kama hilo. Ingawa pia tunajua kitabu cha baadaye kinaweza kubeba riwaya ya zamani. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha habari za Ahlul Kitab tusizozijua tusizisadikishe wala tusizikadhibishe. Naishia hapo.

Lakini kuna swali ambalo si la mafuta: kwa nini wanazuoni wao wa baadaye walizungumza sana juu ya chupa na kidogo sana juu ya Yuda na vita vyake? Wapo wanahistoria wanaosema jibu liko katika yaliyofuata, na mimi yamenikaa zaidi kuliko vita vyenyewe.

Yuda aliuawa vitani mwaka 160. Ndugu zake wakaendelea mpaka wakapata dola huru, wakachukua na ukuhani mkuu na baadaye ufalme, vyote katika nyumba moja. Mtoto wa ndugu yake Yuda, John Hyrcanus, akateka nchi ya Waidumea kusini, akawaambia: mtatahiriwa na kufuata sheria ya Kiyahudi, au muihame nchi yenu. Yaani ukoo ulioinuka kwa sababu mfalme alitaka kuwalazimisha dini, sasa unalazimisha dini. Mtoto wake, Alexander Jannaeus (tazameni hata jina, limekwisha kuwa la Kigiriki), aliwasulubu wapinzani wake 800, Wayahudi wenzake, na wake zao na watoto wao wakachinjwa mbele ya macho yao. Wajukuu wakagombana kiti, ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja akapeleka wajumbe kwa jemadari wa Roma, Pompey, amsaidie. Pompey akaja. Mwaka 63 akaingia Yerusalemu na kutembea mpaka ndani ya Patakatifu pa Hekalu. Na aliyekuja kuumaliza ukoo huo ni Herode, mtu wa asili ya Kiidumea, mjukuu wa wale wale waliotahiriwa kwa nguvu. Kutoka taa zilipowashwa mpaka Warumi kuingia ni miaka 101.

Najua wapo watakaosema, sheikh, katika siku hizi za Gaza unatusomesha sikukuu za Mayahudi? Nawasomesha, kwa sababu Suratul Maida aya ya 8 inasema chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu, na uadilifu wa kwanza ni kutomzulia mtu asilolifanya. Na kwa sababu jina la Wamakabayo linatumika leo. Vijana wa mpira mnaijua Maccabi Haifa, mnaijua Maccabi Tel Aviv. Wazayuni mwishoni mwa karne ya 19 walimfufua Yuda shujaa wa upanga, ambaye wanazuoni wao walikuwa wamemweka nyuma ya chupa ya mafuta. Anayetaka kuelewa maneno yanayosemwa leo, ajue yalikotoka.

Ama desturi zenyewe, kwa ufupi. Usiku wa kwanza huwashwa taa moja, wa pili mbili, mpaka nane. Ipo ya tisa, mtumishi, ya kuwashia nyingine. Zamani walihitilafiana wanafunzi wa wanazuoni wawili: wa Shammai walisema anza na nane upunguze, wa Hillel wakasema anza na moja uongeze, kwa kuwa jambo takatifu huongezwa halipunguzwi. Ikafuatwa ya Hillel. Mwanga wake hautumiwi kusomea wala kufanyia kazi, hutazamwa tu. Taa huwekwa mlangoni au dirishani ionekane na wapita njia, lakini wakati wa hatari huwekwa mezani ndani. Hiyo sentensi ya mezani ndani imebeba historia ndefu. Jirani zetu Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, Waafrika walioingia Uyahudi kuanzia mwaka 1919 kwa kumfuata Semei Kakungulu, na zama za Idi Amin nao walifanya ibada kwa kujificha.

Hula vitu vya kukaanga kwa ajili ya yale mafuta. Wa Ulaya hukaanga viazi, wa Morocco hukaanga sfenj, unga uliotiwa hamira na kutumbukizwa katika mafuta, ambao Waislamu wa Morocco nao wanaula kila siku. Mpe mtu wa pwani ataita andazi. Watoto huchezesha pia yenye herufi nne, kwa kugombea peremende au njugu. Husemwa herufi hizo ni kifupi cha kuwa muujiza mkubwa ulitokea kule, ila mchezo wenyewe wameukuta kwa Wajerumani.

Na tarehe? Miezi yao ni ya kuandama kama yetu. Lakini wao huongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19 ili sikukuu zisihame majira, ndiyo maana Hanuka haitoki kwenye baridi, na sisi Ramadhani inazunguka mwaka mzima kwa kuwa miezi yetu ni 12 kwa nassi ya Suratut Tawba. Tarehe 25 ya mwezi mwandamo mnaijua ilivyo. Mwezi unakwisha, giza tupu, na taa zao zinavuka mpaka mwezi mpya unapochomoza.

Sasa yule binti. Nilimpigia usiku wa tano. Nikamwambia mwanangu, shirki ni kumwabudu asiyekuwa Allah, na wewe ulimsaidia mgonjwa bila nia ya ibada. Kumhudumia bibi huyo kwa wema ni kazi yako na ni dini yako. Lakini sisi idi zetu ni mbili, Mtume (s.a.w.) alizileta mahali pa siku walizokuwa wakizicheza watu wa Madina, kwa hiyo dua zao usizisome, na kuwasha usikufanye kuwa desturi yako. Wapo masheikh watakaokaza zaidi yangu, na hoja zao nazijua.

Kisha nikamweleza jambo nililolikuta katika fikihi yao wenyewe. Kwao kule kuwasha ndiko ibada, na asiyewajibika nayo akiwasha, mwenye wajibu hajatoka katika wajibu wake. Yaani taa aliyoiwasha binti, kwa sheria ya bibi mwenyewe, haikuhesabika. Nikamwambia mwulize, kwa adabu, kama anapenda aishike mwenyewe.

Usiku wa nane akanitumia ujumbe. Bibi alicheka, akasema hata marehemu baba yake angemwambia hivyo hivyo. Akashika mshumaa mwenyewe, na binti akamshikia kiwiko usitikisike. Iliwachukua muda, zote nane, na chai ikapoa.

Wallahu a'lam.